Mbwa wa Mbio Aliyevunjika Mguu

Mwanafunzi wetu mmoja wa zamani, ambaye alikhitimu Kurani katika chuo chetu hapa Tanga na sasa akaa Uingereza, alituletea swali lililotukosesha usingizi. Kijana huyu ni muuguzi katika hospitali ya wanyama, na wengi wa wagonjwa wake ni mbwa. Baba yake, ambaye ni mtu mzima wa heshima na jirani yetu wa siku nyingi, alipopata habari hiyo alizirudisha fedha za matumizi alizoletewa, akasema kwamba yeye hali fedha za mbwa. Basi kijana akatupigia simu, akatuamkia, akasema, "Maalim, kazi yangu ni haramu?"

Tungeweza kumjibu kwa maneno mawili. Lakini hukumu ya jambo haitolewi kabla jambo lenyewe halijajulikana, nasi hatukujua ni kazi gani hasa aifanyayo. Kwa hiyo tulimtaka atuhadithie habari ya mnyama mmoja tu, tangu alipoingizwa mlangoni mpaka alipotoka. Akatuhadithia habari ya mbwa jike wa mbio, kidogo kidogo, kwa siku kadhaa, kila alipomaliza zamu yake. Haya tuyaandikayo ni maneno yake, pamoja na mengine tuliyoyatafuta wenyewe baadaye.

Yafaa tueleze kwanza mbio zenyewe, maana kwetu hazipo. Yuko mbwa wa namna moja aitwaye grehaundi, mwenye miguu mirefu, kifua kikubwa, na tumbo lililoingia ndani kama la mtu aliyefunga Ramadhani na asile daku. Waliokwenda Arabuni huenda wamemwona nduguye kwa umbo, yaani saluki, mbwa ambaye Mabedui humtumia kwa kuwinda, na ambaye humthamini hata wakamruhusu kuingia hemani. Grehaundi hukimbia mpaka kilomita 70 kwa saa, na hufikia kasi yake kwa hatua chache tu tangu anyanyue mguu. Katika kila mruko hufika mara mbili hewani, miguu yote minne ikiwa haigusi ardhi.

Zamani Waingereza walikuwa wakiwafungulia mbwa hawa sungura wa kweli kondeni. Kisha Mmarekani mmoja, Owen Patrick Smith, akatengeneza sungura wa bandia avutwaye kwa mtambo kuzunguka kiwanja, na mwaka 1919 kiwanja cha namna hiyo kikafunguliwa Emeryville, huko California. Mchezo ukavuka bahari, na tarehe 24 Julai 1926 mbio za kwanza za namna hiyo kwa Waingereza zikafanywa Belle Vue, katika mji wa Manchester. Watu wakazipenda mno. Mbwa mmoja, Mick the Miller, aliyeshinda mbio kuu za nchi mwaka 1929 na tena 1930, alipokufa hakuzikwa. Ngozi yake ilijazwa, naye yumo katika jumba la makumbusho la Tring hata leo, amesimama ndani ya kioo.

Mtu asidhani kwamba watu walikusanyika kule kwa mapenzi ya mbwa. Walikusanyika kwa kamari. Na siku hizi hata hawakusanyiki, kwani mbio nyingi hukimbizwa mchana mbele ya viti vitupu, picha zake zikapelekwa katika maduka ya kamari, mtu akapata au akapoteza pasi na kumwona mbwa kwa macho yake. Mbwa sita hutiwa katika vizimba sita, kila mmoja na kijikoti cha rangi yake: wa kwanza mwekundu, wa pili buluu, wa tatu mweupe, wa nne mweusi, wa tano rangi ya chungwa, wa sita milia ya weusi na weupe. Sungura wa bandia hupita kwa kishindo, mlango hufunguliwa, nao hutoka kama mishale.

Mbwa wa kijana wetu alivaa koti jeusi. Alikuwa wa miaka mitatu, kilo 27, mweusi mwenye baka jeupe kifuani, na masikioni alikuwa na herufi za chale ambazo kwazo hutambulikana. Mbio zilikuwa za meta 480, ambazo mbwa mzuri huzimaliza kwa sekunde 29 hivi. Yeye hakuzimaliza. Katika kona ya kwanza, pale mbwa wote sita wanapogombea nafasi ya ndani, alipigwa kikumbo, akayumba, kisha akasikiwa akilia. Wenzake walipofika mwisho yeye alikuwa amesimama katikati ya mchanga, mguu wake wa nyuma wa kulia ameuinua juu, watazama.

Tulimwuliza kijana kwa nini alitaja mguu wa kulia kwa mkazo namna ile. Jibu lake lilitustaajabisha, na twapenda wasomaji walijue. Uwanja ni wa mviringo, na mbwa huuzunguka daima kwa kupinda mkono wa kushoto. Kila wakatapo kona kwa kasi ile, nguvu kubwa hukandamiza mifupa midogo ya kifundo cha mguu wa nyuma wa kulia. Leo hivyo, kesho hivyo, kona zile zile na mguu ule ule, mpaka mfupa mmoja ulio katikati ya kifundo, mdogo kama ncha ya kidole gumba, huingia nyufa zisizoonekana. Ndipo siku moja hupasuka. Kikumbo alichopigwa mbwa yule kilikuwa kishindo cha mwisho tu. Mfupa ulikuwa umekwisha kuchoka miezi mingi nyuma. Tabibu wa wanyama amwonapo mbwa wa mbio ameunyanyua mguu huo, hujua pa kuweka kidole kabla hajamgusa.

Kwa kanuni zilizotungwa mwaka 2010, hapana mbio ziwezazo kufanywa katika viwanja vya England bila ya tabibu wa wanyama kuwapo. Basi tabibu alikuwapo. Alimchoma sindano ya kutuliza maumivu, akamfunga mguu kwa pamba nyingi na gango, akamlaza. Mpaka hapa mambo yalikwenda vizuri. Lililobaki ni swali la fedha.

Ndugu wasomaji, hebu tazameni. Saa ile alipoingia kizimbani mbwa yule alikuwa mali, analishwa, anapimwa uzito, anakandwa misuli. Nusu dakika baadaye hakuwa na thamani hata ya chakula chake cha jioni. Mfupa ule ukiungwa kwa skrubu, gharama yake hufika maelfu ya pauni, na mbwa hata akipona huenda asirudi kushindana kama zamani. Hata yule asiyevunjika, mbio zake hukoma akiwa na miaka mitatu, minne au mitano, hali aweza kuishi mpaka kumi na miwili. Miaka yote iliyobaki ni nani atakayemlisha? Mwaka 2006 gazeti la Sunday Times lilifichua kwamba katika mji uitwao Seaham, kaskazini ya England, mtu mmoja alikuwa akipelekewa mbwa wa mbio waliokwisha kazi, akiwaua na kuwafukia kwa malipo ya pauni kumi kila kichwa, na hesabu yao ilikuwa ni ya maelfu. Nchi nzima ilishtuka. Tangu mwaka 2018 chama kinachosimamia mbio hutangaza hesabu zake kila mwaka. Mwaka huo wa kwanza majeruhi walikaribia 5,000, na waliokufa kwa sababu mbalimbali walizidi 900. Tangu Desemba 2018 chama hicho pia hutoa msaada wa gharama za kuunga mifupa, ili mbwa asiuawe kwa ajili ya fedha tu. Lakini msaada ni msaada, na mwenye mbwa yule wa koti jeusi alikuwa amekwisha kuamua. Alisema achomwe sindano ya mwisho.

Hapo ndipo walipoingia wafadhili. Wako Waingereza wengi, hasa wanawake watu wazima, waliojikusanya katika vikundi vya kuwaokoa mbwa hawa, na kikundi kikubwa katika hivyo kilianzishwa mwaka 1975. Bibi mmoja wa kikundi kidogo cha mji ule alipigiwa simu usiku, akaja na gari lake na blanketi, akamwomba mwenye mbwa atie sahihi ya kumwacha. Akatia. Saa nne za usiku bibi yule aligonga kengele ya hospitali, na aliyemfungulia mlango ni mwanafunzi wetu.

Jambo la kwanza alilofanya kijana ni kumfunga mbwa mdomo kwa ukanda laini wa kitambaa, kwani hata mnyama mpole huuma akiwa na maumivu, na haumi kwa ubaya. Kisha wakamchukua juu ya ubao uliolala sawasawa, pasi na kuuvuta mguu wala kuunyosha. Haya mawili yafaa kila nyumba iyajue, hata kwa mbuzi au paka aliyegongwa na pikipiki. La tatu ni kwamba mnyama asipewe dawa za maumivu za binadamu. Vidonge vya parasetamoli ambavyo sisi huvimeza kama karanga humwua paka, na mbwa pia humdhuru.

Katika picha za eksirei ule mfupa wa kati ulionekana umepasuka vipande viwili, na kimoja kimehama mahali pake. Ungalikuwa ufa tu, plasta ingalitosha. Ikabidi apasuliwe.

Grehaundi, asema kijana, ni mgonjwa asiyefanana na mbwa wengine, na daktari asiyemjua aweza kumwua kwa nia njema. Damu yake ni nzito kwa wingi wa chembe nyekundu, hata asiyezoea aipimapo hudhani mbwa ana ugonjwa, kumbe ndiyo afya yake. Mwilini mwake mafuta ni haba sana, na ini lake huchelewa kuziyeyusha baadhi ya dawa. Iko dawa moja ya usingizi ya zamani, thaiopentoni, ambayo mbwa wa kawaida hupewa akaamka baada ya muda mfupi, lakini grehaundi akipewa hulala masaa mengi, na pengine haamki. Kwa hiyo huchaguliwa dawa nyingine, na huchungwa kwa saa. Ngozi yake nayo ni nyembamba kama karatasi. Bendeji ya gundi ikibanduliwa kwa haraka, ngozi huja nayo.

Upasuaji ulichukua muda wa saa mbili. Tabibu alivirudisha vipande mahali pake, akavibana kwa skrubu mbili ndogo, akafunga. Kijana wetu ndiye aliyekaa kichwani pa mnyama akihesabu pumzi.

Wakadhani yamekwisha. Siku ya pili ya upasuaji, alfajiri, kijana alipoinua blanketi aliona paja lote limevia damu, jeusi, na bendeji imelowa. Hii pia ni tabia ya mbwa hawa. Damu hukoma vizuri siku ya upasuaji, kisha baada ya siku moja au mbili huanza kuvuja tena, kwa kuwa donge lililoziba jeraha huyeyuka kabla ya wakati wake. Alimwita tabibu nyumbani kwake, wakampa dawa ya kulizuia donge lisiyeyuke, na kijana alikaa sakafuni kwa mbwa yule tangu saa kumi na moja mpaka jua likapanda, mkono wake uking'ang'ania bendeji. Akatuambia kwa sauti ya chini, "Maalim, sala ya asubuhi siku hiyo niliiwahi kwa shida, dakika chache tu kabla jua halijachomoza. Bibi yule alinishikia bendeji. Nami nilikuwa na damu nguoni, nikabadili nguo zote, nikajiosha mara saba, na moja kwa udongo."

Tulimwuliza, udongo waupata wapi hospitalini?

Akacheka. Akasema kwamba analo kopo la udongo, ameuchimba katika bustani nyuma ya hospitali, na huliweka kando ya beseni la kunawia. Wenzake mwanzo walidhani ataka kupanda ua. Sasa wamezoea, na mmoja, asiye Muislamu, humjazia likipungua. Kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Ni kama lile kopo la chuoni, Maalim. Si uliniambia niliosha vizuri?"

Hatukuweza kumjibu mara moja, na sababu yake lazima tuiseme hapa, ijapokuwa yatuaibisha. Yapata miaka ishirini na kitu, mbwa wa mitaani aligongwa na lori karibu na chuo chetu. Alijikokota mpaka chini ya mwembe wetu, miguu ya nyuma imekufa, ulimi nje, na jua ni la saa saba. Mtoto huyu, naye ni wa miaka tisa, alitoka darasani bila ruhusa, akateka maji kwa kopo letu la kutawadhia, akamnywesha. Tulimkuta mbwa analamba ndani ya kopo. Tulimchapa fimbo sita mbele ya wenzake, tukamwamuru alioshe kopo mara saba na moja kwa udongo, tukasimama juu yake kuhesabu. Mbwa tukamfukuzia watoto wakubwa na mawe, asogee mbali na chuo. Alikufa kabla ya alasiri, katika mtaro, pale pale mbele ya macho yetu.

Na katika mwezi huo huo tulikuwa tumewasomesha watoto ile hadithi mashuhuri aliyoipokea Abu Hureira, ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kiatu chake cha ngozi, akakibeba kwa meno, ili amnyweshe mbwa aliyekuwa akila udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe madhambi yake. Mtoto aliisikia. Sisi ndio tuliokuwa tukiisoma tu.

Sasa turudi kwa swali. Sisi si mufti, wala hatukusoma zaidi ya chuo na shule ya msingi, kwa hiyo tulimwendea sheikh mmoja mwenye elimu, tukamweleza yote. Alituambia kwamba katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii mbwa ni najisi nzito, na wasomaji walijua hilo. Imamu Malik aona kwamba mbwa aliye hai ni tohara. Lakini hata kwetu, mkono mkavu kumgusa mbwa mkavu haunajisi kitu, na penye majimaji au damu dawa yake ni maji mara saba na udongo. Najisi ni jambo lenye twahara yake, basi. Mtu huoshea akaenda kusali. Hapana mahali palipoandikwa kwamba mnyama aliye najisi maumivu yake si maumivu. Na katika Sura ya Maida Kurani yenyewe yataja wanyama waliofunzwa kuwinda, na nyama wanayoshika huliwa.

Tuliuliza juu ya zile fedha, maana hoja ya mzee haikuwa ya upuuzi. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza thamani ya mbwa. Sheikh akasema: thamani ni bei ya kumwuza. Kijana hauzi mbwa. Hulipwa ujira wa mikono yake, kama alipwavyo amtibuye punda. (Lamu iko hospitali ya punda tangu mwaka 1987, wala hatujasikia aliyeikataa.) Kamari ni haramu, na angalikuwa mwendeshaji wa mbio zile tungalimwambia aache leo, lakini gharama za mbwa huyu zilitoka katika michango ya wafadhili, na hata zingalitoka kwingine, aungaye mfupa hakucheza kamari. Kisha sheikh akatuuliza kama mbwa alipona.

Alipona. Alivaa plasta wiki sita, ikibadilishwa kila baada ya siku chache isije ikamchubua ngozi. Kazi kubwa zaidi ilikuwa baada ya hapo, kwani mbwa yule hakuwa amepata kuishi katika nyumba. Maisha yake yote yalikuwa ni kizimba na kiwanja. Hakujua ngazi, akisimama chini yake akitetemeka. Aligonga pua katika mlango wa kioo. Alipoona paka alitaka kumfukuza, mguu mbovu na plasta yake, ikabidi afundishwe kwa subira kama mtoto wa alifu. Kukaa kitako pia kulimtaabisha, kwa ajili ya misuli ya mapaja, basi husimama au hulala tu. Na alipolala, pengine macho yalibaki wazi, hata kijana usiku wa kwanza alidhani amekufa, akamwekea mkono kifuani.

Mambo ya mbio hizi yaanza kugeuka. Jimbo la Florida huko Marekani lilipiga kura mwaka 2018 kuzikomesha mpaka mwisho wa 2020. Kiwanja cha Macau kilifungwa mwaka huo huo wa 2018, kikaacha nyuma mbwa zaidi ya 500 ambao walitafutiwa nyumba mmoja mmoja. New Zealand ilitangaza Desemba 2024 kwamba itazikomesha, na Serikali ya Wales ikatangaza nia hiyo hiyo Februari 2025.

Tulimjibu kijana kwamba kazi yake ni halali, na kwamba aendelee na kopo lake la udongo. Kuhusu kopo lile jingine tulimwomba radhi. Alisema, "Ah, Maalim, mambo ya utoto hayo," akataka kukata simu. Tukamzuia, tukamwomba mara ya pili kwa maneno yaliyo wazi, mpaka akakubali kuyasikia.

Ikabaki kwa baba yake. Tulimfuata barazani kwake baada ya sala ya alasiri, tukamweleza aliyoyasema sheikh, neno kwa neno. Alisikiliza akiitazama kahawa yake. Muda mrefu hakusema kitu. Kisha akauliza, "Na mbwa mwenyewe, atembea?"

Tukamwambia atembea, ila huchechemea kukiwa na baridi. Amechukuliwa na mume na mke wazee waliostaafu, wenye bustani ndogo, nao humvika koti la sufu kila atokapo nje, kwa kuwa hana mafuta mwilini ya kumkinga.

"Koti?"

"Koti la sufu."

Mzee alicheka mpaka kahawa ikamwagika katika kanzu yake. Akajifuta, akatikisa kichwa. "Mwambieni alete zile fedha," akasema. "Mvua zaja, na paa la jikoni lavuja."